Mrija mmoja uliokula siku zangu mbili

Wiki hii nilikuwa nakalibreti probu ya matundu matano, yaani nalinganisha presha inazosoma na pembe ninazozijua, kwa ajili ya handaki la upepo, lile bomba kubwa la kupulizia upepo kwenye modeli. Kama hujawahi kuiona, ni kijiti chembamba cha chuma, ncha imechongwa, tundu moja liko katikati na mengine manne yamelizunguka, juu, chini, kushoto na kulia, na kila tundu lina mrija wake unaopeleka presha kwenye sensa. Upepo ukija usoni moja kwa moja yale manne yanasoma presha sawa, ukija kwa ubavu yanatofautiana, na hiyo tofauti ndo inakwambia upepo umeinama digrii ngapi. Tyubu ya kawaida ya Pitot haikupi hiyo, inakupa spidi tu, tena mpaka uielekeze kule upepo unakotoka.

Sasa hata probu zikitoka kiwanda kimoja hazifanani kabisa, kwa hiyo kila moja unaifunga handakini unaigeuza kutoka -30 mpaka +30, hatua za digrii 5, juu-chini halafu kushoto-kulia, jumla pointi 169, na kila pointi unasubiri presha itulie ndo urekodi. Na presha zenyewe ni ndogo mno jamani, mita 20 kwa sekunde ni kama paskali 240, yaani kwenye manomita, kile kipima presha cha maji, maji yanapanda milimita 24 basi.

Nikachora ramani ya presha kwa kila pembe, kulia safi kabisa, kushoto imepinda. Nikaizungusha probu nusu duara, maana kama shida ni upepo wa handaki wenyewe kasoro ingebaki pale pale, lakini ikahama na probu. Nikaangalia matundu kwa maikroskopu, hamna uchafu, hamna mkwaruzo. Hapo siku mbili zimeisha.

Jioni ndo nikafanya kile nilichotakiwa kuanza nacho: kila mrija nikautia presha kidogo, nikaziba tundu, nikaangalia namba kwenye sensa. Minne ikasimama, wa kushoto ukawa unashuka taratibu. Kumbe una ufa mwembamba kama unywele pale unapoingia kwenye sensa! Upepo ukipiga upande ule presha inapanda ndani ya mrija na inavuja zaidi, ndo maana ramani ikapinda upande mmoja tu.

Nimekata sentimita mbili, nikachomeka upya, nikapima uvujaji mirija yote mitano, jana nimerudia pointi zote 169. Ramani imetoka sawa kushoto na kulia, na nimefurahi sana. Kesho probu inaingia nyuma ya modeli ya bawa.