Kidari cha bucha hii si kidari cha bucha ile

Mimi mishkaki nachoma karibu kila jioni hapa Malindi, kwa hivo nyama nanunua kila siku ya Mungu, na kama kuna neno limeshanitia hasara ni hili la "steki". Bucha moja ukisema steki unakatiwa paja, mnofu safi. Nyingine steki ni chochote kisichokuwa na mfupa, hata shingo, hata mkono, bora kisu kimepita. Siku moja nilihama bucha yangu kwa tamaa ya shilingi hamsini, papai bichi nikatia kama kawaida, tangawizi, ndimu, kila kitu, wateja wakatafuna mpaka taya zikauma na mmoja akaniuliza, "Ami, huyu ng'ombe alikuja kwa miguu kutoka Garissa?" Papai lalainisha nyama juu juu, kano za shingo haliziwezi.

Sasa haya ya kidari. Shemeji yangu yuko Texas akanitumia video ya brisketi, yaani kidari cha ng'ombe, kinapigwa moshi usiku kucha mpaka kinatetemeka kikiguswa. Nami nina pipa langu nilikatiwa na fundi wa kuchomelea, kuni za mwembe ziko, na moshi si kitu kigeni Malindi, sulisuli wa moshi wanauzwa mahotelini miaka yote. Nikaenda sokoni nikamwambia muuzaji nataka kidari kizima usikate. "Kizima? Sasa utakipikaje?" na panga lishapanda juu tayari, nikamshika mkono wallahi.

Alichonipa kilo mbili unusu, upande mmoja mnene kidogo, upande wa pili mwembamba kama kandambili. Kumbe kidari ni nyama mbili zimelaliana, moja bapa na moja nene yenye mafuta, na ile nene karibu yote ilishaondoka alfajiri na mama mmoja wa pilau. Mimi sikujua. Niliwasha moto saa kumi na moja asubuhi, nyama ilipokaribia digrii 70 ndani joto lake likagoma kupanda masaa mawili matatu (nyama inatoa jasho, lile jasho linaipoza, usiongeze kuni kwa hasira kama mimi), nikaitoa kwenye 93. Kile kinene kidogo kilikuwa kitamu sana. Ule upande mwembamba, ng'onda tupu, yule samaki mkavu, tofauti tu ng'onda ana chumvi.

Na si kosa la yule wa sokoni. Ng'ombe hana mtulinga, ule mfupa wa kuunga bega na kifua, zaidi ya nusu ya uzito wake inabebwa na miguu ya mbele na hizo nyama za kifua, ndio maana kidari kimejaa kano zinazotaka moto wa pole mpaka ziyeyuke kama supu ya makongoro. Marekani wanakiuza zile nyama mbili pamoja na mafuta yake juu. Uingereza wanatoa mfupa wanakivingirisha wanakifunga uzi. Sisi tunakipiga panga na mifupa yake maanake kinaenda kwenye sufuria, huko mwembamba na mnene wote wanaiva sawa.

Nikajaribu bucha ya friji, zile za Waitaliano, pale kinaitwa punta di petto. Bei karibu mara mbili, nyama imetundikwa siku kadhaa kwa hivo laini, si kama ya sokoni iliyochinjwa leo leo. Lakini mafuta ya juu wameyaparura yote! Wenyewe wanaitokosa, mafuta ya nini. Kwenye pipa ikakauka ile ya pili pia.

Mke wangu ndo akasema, mbona usichome nundu. Nikacheka, halafu nikanyamaza. Ng'ombe wetu wa huku karibu wote wana nundu, iko mafuta yameingia ndani kwa ndani, Brazil wanaiita cupim na wanaichoma polepole masaa na masaa. Na bucha yoyote utakayoingia, iwe ya panga ama ya msumeno wa umeme, ukisema nundu hakuna wa kukukatia kitu kingine. Shida ni moja, ng'ombe mmoja nundu moja, na kuna wazee wanaijia kabla jua halijatoka. Nimeacha namba yangu bucha tatu.