Utepe umesoma kijani

Leo utepe wa kupima utapiamlo, ule unaozungushwa mkononi mwa mtoto, umesoma sentimita 12.6, kijani, yaani hali nzuri! Wiki nane zilizopita mkono wa mtoto huyu ulisoma 11.2, nyekundu kabisa, yaani utapiamlo mkali, na zahanati iko mbali (jua la Turkana mnalijua). Nilimbonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, haikuacha shimo, hakuwa na uvimbe wa utapiamlo. Nikampa pakiti ya chakula-dawa cha karanga. Alipoanza kuilamba kwa pupa nilishusha pumzi, kwa sababu asiye na hamu ya kula lazima apelekwe hospitali. Tukamtibu hapa hapa kijijini. Kazi ngumu ilikuwa ya mamake: kutowagawia ndugu zake wenye njaa. Wiki ijayo nikipata kijani tena, anahitimu matibabu. Leo kaniona na utepe, akakimbia. Amepata nguvu za kunikimbia!