Desemba hii vimondo nitavitazamia Mapinga

Kila Agosti ndugu na marafiki hunitumia taarifa za vimondo vya Perseidi zilizoandikwa Ulaya, wakiuliza kama tutoke usiku. Huwa nawaambia tungoje Desemba. Chanzo cha Perseidi, yaani pale angani vinapoonekana kutokea, kiko mbali mno kaskazini. Hapa Dar kinachomoza usiku umeshakwenda sana, na hakipandi juu. Vya kwetu ni Jeminidi. Hivi huonekana kama vinatokea kwenye kundi la nyota la Mapacha, ambalo katikati ya Desemba huchomoza kaskazini mashariki mnamo saa tatu usiku. Ikifika saa nane limeshasimama upande wa kaskazini, nyuzi 50 hivi juu ya upeo.

Mwaka huu wa 2026 nimeupania kwa sababu ya mwezi. Mwezi mpya ni tarehe 9 Desemba, kwa hiyo Jumapili ya tarehe 13 utakuwa bado mchanga na utazama kabla ya saa tano usiku. Kuanzia hapo giza lote ni letu mpaka alfajiri. Kilele chenyewe kinakadiriwa kuangukia Jumatatu mchana kwa saa zetu, jua likiwaka, ndiyo maana usiku wa kuamkia Jumatatu nimeufanya wa kwanza, na wa kuamkia Jumanne nimeuweka akiba. Akiba ni lazima. Desemba ni vuli, na wingu linalotoka baharini halina ratiba.

Kwa mahali, nimefikiria sana Kimbiji. Kuna giza zuri, lakini ukiwa kule mwanga wa jiji unakaa kaskazini magharibi, karibu na unakotaka kutazama. Kwenye kiwanja chetu cha Mapinga jiji linabaki mgongoni, kusini. Mbele ni minazi michache, kisha anga. Nimeshaongea na mwenyekiti wa kitongoji, maana watu waliolala chali kiwanjani saa nane usiku watashukiwa wezi, na walinzi wa jirani wana haki ya kuuliza.

Vitu vya kubeba ni vichache: jamvi, khanga za kujifunika umande, chupa ya chai ya tangawizi, dawa ya mbu. Darubini haina kazi hapa. Inabana macho kwenye kipande kidogo cha anga, na kimondo kinaweza kupita popote. Simu zitabaki ndani ya gari. Macho yanahitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na kioo kimoja kikiwashwa mnaanza upya nyote.

Mtasoma kwamba Jeminidi hufika zaidi ya 100 kwa saa. Hiyo ni hesabu ya anga jeusi kabisa na chanzo kikiwa utosini, kwa hiyo sisi tutarajie pungufu. Ninachovipendea ni mwendo: kilomita 35 hivi kwa sekunde, wakati Perseidi hukaribia 60, hivyo jicho linapata nafasi ya kukifuata kimoja kikikata anga. Na asili yake ni ya pekee. Mvua nyingi za vimondo hutokana na vumbi la nyota-mkia. Hii hutokana na Phaethon, jiwe la angani lililogunduliwa mwaka 1983.

Mama naye amesema anakuja. Kwake kimondo ni shetani anayepigwa, na kila kikipita huomba kinga. Nitamwekea kiti cha kuegemea, shingo yake isichoke.

Jumapili ikinyesha jioni tutaondoka Tabata vilevile. Mvua ya vuli mara nyingi hukatika usiku, na tunachokihitaji ni saa saba hadi saa kumi tu.