Nilivyokoboa ngano ya kale kwenye kinu cha mpunga

Dada yangu aliporudi Mwanza kutoka Uturuki alinishushia mfuko wa kilo mbili za ngano yenye maganda. Kule Kastamonu wanaiita siyez. Kitaalamu ni Triticum monococcum, ngano ambayo kila kishuke chake (kile kifuko cha maganda kwenye suke) hubeba punje moja tu. Mimi nauza chapati Kirumba, nikajua nimepata unga wa bure.

Nusu kilo ya kwanza nikaipeleka kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Ilirudi chenga na pumba. Ngano tuliyoizoea ukiipura punje inatoka uchi. Hii imebanwa na ganda kama mpunga, tena kwa ukaidi zaidi.

Aliyeniokoa ni bibi jirani, aliyelima mpunga Magu miaka mingi. "Mjukuu wangu, hii usiitwange kavu. Inyunyizie maji, iache ilainike, halafu mchi uende polepole." Kweli, ganda likipata unyevu linachubuka na punje inatoka nzima. Tukatwanga, tukaanika, tukapepeta kwa ungo, tukarudia. Mchana mzima, kilo moja haikufika. Mabega usiniulize.

Tukiwa kwenye ungo nikamwambia kwamba ngano pori iliyoizaa hii bado inaota Uturuki, kwenye milima ya Karacadağ, na suke lake likikauka linapukutika lenyewe.

"Kama mpunga mwitu," akacheka. "Ukichelewa unavuna mabua."

Ndiyo hasa. Miaka kama 10,000 iliyopita, waliokata masuke walifika nyumbani na yale yasiyopukutika, na hayo ndiyo yakarudi shambani kama mbegu. Alama yake ipo hadi leo: kishuke cha porini kitako chake kina kovu laini, cha shambani kimenyofoka. Tuliviokota kimoja kimoja tukavitazama juani; vyetu vyote vimenyofoka.

Chapati sasa. Unga wa manjano, mtamu kunusa, ila donge linanata vidoleni na ukilivuta linakatika, maana glutini yake, ile protini inayofanya donge livutike, ni dhaifu. Nilipunguza maji, nikasukuma nene. Zilikalika, lakini za kuuza hapana. Punje zilizobaki nikazichemsha kama wali, tukala na sato. (Yule maiti wa barafuni aliyepatikana milima ya Alps mwaka 1991 alikutwa na ngano hiihii tumboni, kwake na nyama ya mbuzi mwitu.)

Bibi alibeba pumba zote kwa ajili ya kuku wake.