Kikohozi Nilichomrithisha Mwanafunzi Wangu

Jana jioni, katika mazoezi ya mwisho kabla ya onyesho la vijana ninaowafundisha mazingaombwe, mdogo wao kuliko wote alihamisha sarafu kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, akafumba ngumi, akakohoa kidogo, kisha akafumbua kiganja kitupu. Wenzake walipiga makofi. Mimi nilinyamaza, kwa maana kikohozi kile kilikuwa changu.

Nilikianza zamani, nilipokuwa nikicheza na sanduku ambalo komeo lake lilitoa mlio hafifu kila lilipofyatuka, nami nikawa nakohoa ili watazamaji wasiusikie. Sanduku lenyewe niliachana nalo kabla kijana huyu hajazaliwa. Nilipomuuliza anakohoa kwa nini, alinitazama kwa mshangao na kunijibu: "Kwani, Mwalimu, si ndivyo mchezo unavyofanywa?"

Nimeishi kwa kazi hii zaidi ya miaka thelathini, na karibu kila kijana anayenijia huja akitaka siri. Siri ya sarafu naweza kumpa kwa dakika tano: sarafu haikuhama. Kinachochukua miezi ni kuufundisha mkono unaoificha usikakamae, na kuyafundisha macho yaufuate mkono mtupu kwa imani kamili, kwa kuwa watu hutazama kule anakotazama mchezaji. Ndiyo maana huwaagiza kwanza waihamishe sarafu kwa kweli, mara mia na zaidi, ili uongo utakapokuja uwe na mwendo uleule wa ukweli. Dai Vernon, bingwa wa karata aliyefariki mwaka 1992 akiwa na miaka 98, aliusisitiza sana uasilia huo wa mikono, na vijana walimzunguka hadi uzeeni mwake. Lakini mwendo wa asili ni wa nani? Mimi nilikuwa nikiwafundisha wa kwangu, pamoja na kifua changu kibovu.

Kuiga si kosa, na nisingependa kumlaumu kijana kwa jambo ambalo sote tulianza nalo. Hata Ehrich Weiss, mchezaji mashuhuri wa mazingaombwe, alipojiita Harry Houdini alikuwa ameliazima jina la Robert-Houdin, mtengeneza saa wa Kifaransa aliyefungua ukumbi wake wa viinimacho jijini Paris mwaka 1845. Kisha, mwaka 1908, Houdini huyohuyo akachapisha kitabu kizima cha kumshusha hadhi yule aliyempa jina. Sijui kama nastahili mwanafunzi wa namna hiyo, ila nakiri kwamba nimekuwa nikifurahia mno kuwaona vijana wakifanana nami, na furaha hiyo ilinifanya niwe mwalimu mvivu.

Nilimwomba arudie bila kukohoa. Sarafu ilimwanguka mara mbili, kwa sababu kikohozi ndicho kilichokuwa kikimpimia muda. Mara ya tatu alijaza nafasi ile kwa kumgeukia mwenzake na kumuuliza kama ameshakula. Swali la kipuuzi, lakini sote tulimtazama yule mwenzake, na hakuna aliyeikumbuka sarafu.

Usiku huu nimesimama mbele ya kioo kuujaribu mchezo huohuo bila kikohozi. Katika mara ishirini, nimekohoa saba.