Damu iliyoganda mapafuni: mama alipewa nini

Mama alipokutwa na bonge la damu mapafuni, mimi nilitaka awekewe alteplase, ile dawa kali ya kuyeyusha. Daktari akakataa: presha yake haijaporomoka, na dawa hiyo yaweza kumvujisha damu hata kwenye ubongo. Akaanzishiwa heparini, sindano za tumboni. Haiyeyushi bonge, inalizuia lisikue huku mwili ukilimaliza wenyewe. Tumbo likajaa madoa ya zambarau, maskini.

Kisha vidonge vya kuzuia damu isigande tena. Warfarini ni ya bei nafuu, ila kupima INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) kila mara na kuchunga kiasi cha mchicha na matembele, maana mboga hizo huipunguzia nguvu! Tukachagua rivaroksabani, mg 15 mara mbili kwa siku wiki 3 za mwanzo, halafu mg 20 mara moja, pamoja na chakula. Bei yake sasa, jamani.