Vipimio vya Zamani Kwenye Plota Mpya: Nani Aseme Nini

Mashua yangu ya tanga ina vipimio vya Autohelm vya miaka ya 1990: kimoja cha kina cha maji, kimoja cha mwendo, na kimoja cha upepo ambacho vikombe na mshale wake viko juu kabisa ya mlingoti. Vyote vinafanya kazi. Nilipoamua kufunga plota mpya, yaani skrini ya ramani za bahari, ushauri niliopewa dukani ulikuwa kuving'oa vyote na kununua seti nzima inayolingana na plota. Niliukataa, na si kwa ubahili tu. Kihisio cha kina na kigurudumu cha mwendo vimepita kwenye matundu yaliyo chini ya maji, na kuvibadilisha kunataka mashua itoke majini. Huku Kilifi, maana yake ni kungoja bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, kuiegemeza mashua mahali pa kukaukia wakati maji yanapopwa, na kumaliza kazi kabla hayajajaa tena. Waya wa upepo nao umepita ndani ya mlingoti kutoka juu hadi chini. Mzee anayesikia vizuri, ni afadhali kumtafutia mkalimani kuliko kumfukuza.

Mkalimani huyo anahitajika kwa sababu mashua za umri huu zina mifumo mitatu ya mawasiliano. Vipimio vya Autohelm, kampuni ambayo baadaye ilikuja kuwa Raymarine, hutumia SeaTalk yenye nyaya tatu: nyekundu ya umeme wa volti 12, njano ya data, na ule usio na ganda ambao ndio hasi. Kisha kuna NMEA 0183, iliyotoka mwaka 1983, ambapo kifaa kimoja husema na vingine husikiliza, kwa mwendo wa biti 4,800 kwa sekunde, au 38,400 kwa AIS, mfumo wa meli kujitambulisha kwa redio. Redio yangu ya VHF hupokea mahali ilipo mashua kwa njia hiyo. Plota mpya inajua NMEA 2000 peke yake, mfumo uliojengwa juu ya CAN, mtandao wa data kama ule wa kwenye magari, unaopitisha biti 250,000 kwa sekunde na kuruhusu kila kifaa kusema na kusikia katika waya mmoja. Plota nyingi za siku hizi zimeacha kabisa tundu la NMEA 0183, kwa hiyo kigeuzi, kifaa cha kutafsiri kati ya mifumo hii, hakiepukiki.

Kufunga mkongo wa NMEA 2000 ni kazi nyepesi kuliko inavyosemwa. Ni kebo moja ndefu yenye rezista ya omu 120 katika kila ncha, na matawi yanayokwenda kwenye vifaa, kila tawi lisizidi mita 6. Umeme uingie mahali pamoja, kupitia fyuzi. Kabla ya kuuwasha, weka mita ya kupimia omu kati ya waya mweupe na wa buluu: ikisoma karibu na omu 60, rezista zote mbili zipo, ikisoma 120, moja imekosekana, ikisoma 40, kuna mtu aliyeongeza ya tatu. Kipimo hicho cha dakika moja huokoa siku nzima ya kutafuta tatizo lisiloonekana. Kigeuzi cha SeaTalk hukaa kwenye tawi lake kama kifaa kingine chochote, ila uangalie waya wake mwekundu, maana vipimio vya zamani tayari vina swichi na fyuzi yao, na umeme ukiingia kutoka pande mbili utazima swichi moja huku vifaa vikiendelea kuwaka.

Ugumu unaanza baada ya namba kutokea kwenye skrini, na mfano mzuri ni kina cha maji. Sentensi ya NMEA 0183 inayobeba kina huonekana hivi:

$SDDPT,3.4,-1.2*7E

Herufi SD zinaeleza kwamba msemaji ni kipimakina, na DPT ni aina ya sentensi. Namba 3.4 ni mita kutoka kihisio hadi chini ya bahari. Namba ya pili, ya marekebisho, ndiyo yenye uzito: ikiwa hasi, inaeleza umbali kutoka kihisio kushuka hadi ncha ya mkuku, ikiwa chanya, ni umbali kutoka kihisio kupanda hadi usawa wa maji. Kwa hiyo hapa chini ya mkuku pamebaki mita 2.2. Herufi mbili za mwisho ni hesabu ya kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Lakini iko sentensi nyingine kongwe zaidi, DBT, inayotoa kina kilekile kwa futi, kwa mita na kwa pima, na haina nafasi yoyote ya marekebisho hayo. Vilevile, kipimio cha zamani kinaweza kuyatunza marekebisho ndani yake chenyewe na kutuma nje kina kutoka kihisio tu. Hapo kwenye kipimio utasoma 2.2, na kwenye plota utasoma 3.4, na vyote viwili vitakuwa vinasema kweli. Kwenye pwani ambayo bamvua hupandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita 3, mita hiyo moja na kitu ndiyo tofauti ya kuelea na kukaa mchangani. Mimi nimeandika marekebisho kwenye plota pia, kisha nikalinganisha namba zote mbili na bildi, kamba na risasi yake, nikiwa nimetia nanga wakati maji yamesimama.

Upepo una mtego wa namna nyingine. Kipimio cha juu ya mlingoti hupima upepo unaohisiwa na mashua inayokwenda. Ili kupata upepo halisi, mwendo wa mashua lazima uingie katika hesabu. Katika maji yetu ya joto, kigurudumu cha mwendo hushikwa na mwani na magamba ndani ya muda mfupi mashua ikikaa nangani. Kikikwama, husoma sufuri, na plota haina habari: itatoa upepo halisi usio halisi, kwa namba nzuri kabisa na bila onyo. Ndiyo maana nimeiambia plota ionyeshe upepo unaohisiwa.

Jambo hilo la kuchagua chanzo cha kila data ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza, kwa sababu kigeuzi kinachotafsiri pande zote mbili hakijui nani aliye sahihi. Mashua yangu ilikuwa na GPS ya zamani iliyokuwa bado inatoa mahali sahihi, lakini tarehe yake ilikuwa ya mwaka 1999. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya. Hesabu hiyo ilirudi sufuri tarehe 6 Aprili 2019, na baadhi ya vifaa vya zamani vikarudi nyuma karibu miaka 20. Plota inayochukua tarehe kutoka huko itakupa jedwali la maji kujaa na kupwa la siku isiyohusika. GPS hiyo nimeikata waya. Katika orodha ya vyanzo iliyo kwenye plota, mahali na wakati vinatoka kwa plota. Kina, mwendo na upepo vinatoka SeaTalk. Na kila data ina msemaji mmoja tu.

Otopailoti ya zamani, kifaa kinachoshika usukani chenyewe, nimeiruhusu kusikia upepo na mwendo katika SeaTalk yake kama ilivyozoea, lakini njia iliyochorwa kwenye plota haipelekewi, ingawa kigeuzi kinaweza. Plota hutuma umbali ambao mashua imetoka nje ya mstari, na otopailoti hugeuza usukani ili kuurudia mstari huo, iwe kuna tanga la kuangaliwa au hakuna. Katika mlango wa hori ya Kilifi, wenye miamba pande zote mbili na mkondo wa maji unaosukuma ubavuni, usukani naushika mwenyewe.